Udongo mweupe wa Pugu umegoma kunasa rangi ya batiki, tatizo nini?

MtiaRangi_Mbagala

Wakuu, salaam. Kikundi chetu kipo Mbagala. Tunatia rangi batiki na vitambaa vya kufunga kamba, kama kilo 10 za pamba kwa siku, na uani hapo hapo kuna kina mama wanaotia rangi ukili wa mikeka. Maji machafu ya batiki yanafika lita 200 kwa siku, ya ukili kama lita 20. Rangi za batiki ni zile za soda eshi na chumvi (soda inakwenda kilo moja hivi kwa siku), na mara chache tunatumia za kostiki (soda kali) na haidro (hidrosulfiti ya sodiamu). Hatutaki kuyamwaga mtaroni maana mtaro wetu unapita mbele ya nyumba za watu.

Tulichofanya mpaka sasa: udongo mweupe wa Pugu uliosagwa na kuchekechwa, gramu 10 kwa lita, tukakoroga saa moja, tukaacha ulale mpaka asubuhi. Maji ya ukili (zambarau) yalipungua rangi sana. Ya batiki, nyekundu na bluu, hayajabadilika hata kidogo, na juu ya hapo udongo wenyewe haukutuama: siku ya pili maji bado ni kama uji. Tukaongeza shabu, vijiko viwili kwa ndoo, haikuganda kitu.

Maswali: kwa nini udongo ule ule ukubali rangi moja na kukataa nyingine? Madini gani yanafaa kwa rangi ya batiki, na kwa kipimo gani? Na tope linalobaki tulipeleke wapi?

Mkemia_Ilala

Mkuu, udongo wako hauna kosa, umeupa kazi isiyo yake. Kabla ya kuuliza "madini gani" uliza "rangi ina chaji gani", maana madini hunasa rangi kwanza kwa mvuto wa chaji, mengine yanafuata.

Rangi za unga unaong'aa zinazotumika kwa ukili, mkonge na karatasi, nyingi ni za aina ya beziki. Ndani ya maji molekuli yake ina chaji chanya. Rangi za soda eshi zina vikundi vya salfonati, zina chaji hasi. Uso wa udongo una chaji hasi. Basi zambarau ilivutwa, nyekundu na bluu zikasukumwa. Kwenye pH 11 ya soda yako (pH ni kipimo cha asidi: 7 ni katikati, juu yake ni upande wa soda na chokaa) hali ni mbaya zaidi, kwa sababu hata kingo za chembe za kaolini, yaani huo udongo mweupe wa Pugu, ambazo kwenye maji yenye asidi huwa na chaji chanya kidogo, zinageuka hasi nazo.

Kuhusu uwezo, ukipige hesabu mwenyewe. Kaolini hubadilishana chaji kati ya milikwivalenti (kipimo cha idadi ya chaji) 3 na 15 kwa gramu 100. Chukua 10. Rangi kama methilini bluu ina uzito wa molekuli 320 na chaji moja, kwa hiyo gramu moja ya kaolini inabeba miligramu 32 hivi, basi. Gramu 10 kwa lita zinabeba miligramu 320 kwa lita, ndiyo maana maji ya ukili yalipungua lakini hayakwisha. Bentonaiti, udongo unaovimba ndani ya maji, ina 80 hadi 120 kwa gramu 100, yaani gramu moja inabeba miligramu 250 mpaka 380. Kwa ukili tumia bentonaiti gramu 3 kwa lita, gramu 60 kwa zile lita 20 zako, kazi imekwisha. Pugu iachie wafinyanzi.

Uji usiotuama nao una sababu. Mfinyanzi anayemimina udongo kwenye kalibu hutia soda eshi makusudi ili udongo uwe mwepesi na chembe zisishikane. Wewe umefanya jambo lile lile bila kukusudia: sodiamu na kabonati zimezitenganisha chembe. Na shabu haikuganda kwa sababu kwenye pH 11 aluminiamu haifanyi mabonge, inayeyuka na kuwa alumineti. Shabu inataka pH 6.5 hadi 7.

Onyo moja kwa maji ya ukili. Zambarau na kijani za aina hiyo (kristali vayoleti, malakaiti kijani) hufifia zenyewe ukitia soda au chokaa. Mtu anaona maji meupe anashangilia. Chukua kikombe cha maji hayo, kamulia ndimu au tia siki, subiri nusu saa. Rangi ikirudi, ujue haikuondoka, ilijificha tu.

FundiVisima

Naongezea kuhusu bentonaiti, maana wengi huinunua kwa wauza vifaa vya kuchimbia visima. Uliza kama ni tupu au imechanganywa polima. Yenye polima imetengenezwa makusudi isituame, utasubiri wiki. Na usimwage unga wote ndani ya pipa, utapata madonge yenye unga mkavu katikati ambao hauoni rangi kamwe. Nyunyiza kidogo kidogo juu ya maji safi yanayozunguka, gramu 50 kwa lita, acha ulale saa 24 mpaka uvimbe kama uji mzito. Huo uji ndio unapima: mililita 60 kwa lita ya maji ya rangi ni gramu 3 kamili.

Kwa maji ya batiki achana na udongo. Tumia magnesiamu. Ikiganda kwenye maji ya pH 11 inakuwa haidroksaidi ya magnesiamu, na uso wake una chaji chanya mpaka karibu pH 12, kwa hiyo inazoa rangi za chaji hasi huku ikizama. Chumvi ya Epsom (salfeti ya magnesiamu) ipo maduka ya pembejeo kama mbolea. Dar tuna bahari pia: lita moja ya maji ya bahari ina gramu 1.3 za magnesiamu, na yale maji machungu yanayobaki kwenye mashamba ya chumvi baada ya chumvi kuganda yana nyingi zaidi mara kadhaa. Tia chokaa kwanza kuua soda, kisha magnesiamu. Soda kilo moja inataka chokaa gramu 700.

Soda_na_Chokaa

FundiVisima, magnesiamu nakubaliana nawe kabisa. Chokaa ya kuua soda hapana, na hesabu yako yenyewe inaonyesha kwa nini. Chokaa ikikutana na soda eshi, kabonati inakwenda na kalsiamu, kinachobaki ndani ya maji ni kostiki. Kilo moja ya soda kwenye lita 200 ni gramu 5 kwa lita, na ukiimaliza yote kwa chokaa unabaki na kostiki karibu gramu 3.8 kwa lita. Hiyo ni pH inayokaribia 13. Pale magnesiamu imeshavuka ile 12 uliyosema, uso wake umegeuka hasi, rangi inaachiwa. Halafu uje uzime kostiki hiyo kwa asidi ya betri lita kwa lita. Gharama na hatari bure.

Lakini kabonati lazima iondoke, hilo ni kweli, kwa sababu ina chaji hasi mbili, inagombea nafasi na rangi, na pia inaila magnesiamu. Iondoe kwa jasi. Jasi ni salfeti ya kalsiamu: kalsiamu inachukua kabonati inazama kama chaki, salfeti inabaki na sodiamu, na hakuna kostiki inayozaliwa. Kwa uzito, gramu 1.6 za jasi kwa kila gramu ya soda. Jasi ya shambani haiwi safi kabisa, weka kilo 2 kwa kilo moja ya soda. Kisha ile kalsiamu ndiyo dawa ya ule uji wa MtiaRangi, chembe za udongo zinashikana na kuzama.

Utaratibu kwa pipa la lita 200:

Kwanza, jasi kilo 2, iliyosagwa laini kama unga wa sembe. Ikiwa na punje kubwa inajivika ganda la chaki na katikati inabaki haijafanya kazi. Koroga kwa vipindi saa moja hadi mbili. Dalili ya kwamba imekwisha ni pH: kutoka 11 inashuka mpaka 9 au 10. Isiposhuka, ongeza nusu kilo na ukoroge tena. Usiruke hatua hii kwa haraka.

Pili, chumvi ya Epsom gramu 500, iyeyushe kwanza kwenye ndoo ya maji, mimina, koroga.

Tatu, chokaa iliyozimwa gramu 200, iwe maziwa ya chokaa si unga, mimina polepole huku ukipima mpaka pH ifike 11. Gramu 150 zinatumika kugandisha magnesiamu, zinazobaki zinapandisha pH. Ikizidi 11.5 umezidisha. Koroga kwa nguvu dakika moja, kisha taratibu dakika 15, kama mtu anayekoroga uji wa mgonjwa, maana ukiendelea kwa nguvu mabonge yanavunjika na hayarudi. Acha saa mbili. Msiondoe chaki ya hatua ya kwanza kabla ya hapo: magnesiamu peke yake ni nyepesi kama pamba, ile chaki inaizamisha.

Mwisho, chota maji ya juu, yapeleke pipa jingine, yarudishe pH kati ya 6.5 na 8.5. Asidi inayotakiwa sasa ni kidogo mno, kwa asidi ya betri ni kama mililita 20 hadi 60 kwa pipa zima. Ipunguze kwanza: asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi, na miwani machoni.

Kwa nini nimeweka Epsom gramu 500? Ukitia rangi asilimia 2 ya uzito wa kitambaa, kilo 10 zinatumia gramu 200 za rangi. Ikishika asilimia 70, gramu 60 zinabaki majini, yaani miligramu 300 kwa lita. Gramu 2.5 za Epsom kwa lita zinatoa karibu gramu 0.6 za haidroksaidi, mara mbili ya rangi. Panatosha kuanzia, lakini usiniamini mimi, pima kwa chupa: chupa kadhaa za lita moja za maji yale yale, kila moja Epsom kiasi tofauti.

Mkemia_Ilala

Hesabu ya jasi naiunga mkono. Nilitaka kutaja haidrotalsaiti, madini ya tabaka za magnesiamu na aluminiamu ambayo watafiti huyapenda kwa rangi za chaji hasi, hasa ikichomwa nyuzi 450 hadi 500 kisha ikarudishwa majini. Lakini inapenda kabonati kuliko kitu kingine chochote, na baada yake salfeti. Kwa maji yaliyopita kwenye soda kisha jasi ni kuitesa bure. Ile ni ya maji ya kusuuza ya mwisho, yasiyo na chumvi.

Na kabla hamjaulizana: bentonaiti iliyovikwa kemikali za chaji chanya, zile za kwenye kondishena ya nywele, kweli inanasa rangi ya batiki. Ila kwa gramu 100 za bentonaiti ya milikwivalenti 80 unahitaji karibu gramu 29 za setrimoniamu bromaidi, bei yake inazidi rangi yenyewe, na isiyoshikwa vizuri inatoka na maji kwenda kuua samaki. Mimi siishauri uani.

Maji ya kostiki na haidro msiyachanganye na haya. Zile rangi zikikutana na hewa zinarudi kuwa chembe zisizoyeyuka, hazihitaji madini ya kunasa chochote. Mimina kutoka ndoo hadi ndoo mara 15 au 20, acha usiku kucha wazi, shusha pH mpaka 7, ndipo shabu gramu 0.3 kwa lita ifanye kazi yake. Ukiwahi kutia shabu kabla ya hewa, haidro iliyobaki inaweka rangi katika hali ya kuyeyuka na inapita moja kwa moja. Na unaposhusha pH fanya nje penye upepo, haidro ikikutana na asidi inatoa gesi inayokaba koo.

MtiaRangi_Mbagala

Shukrani sana. Tumefanya chupa kama mlivyosema. Maji ya batiki yaliyopita kwenye jasi, pH ilikuwa 9. Chupa sita za lita moja, Epsom gramu 0, 1, 2, 3, 4, 5, kila moja chokaa gramu 1. Bluu imekwisha kuanzia gramu 3. Nyekundu inabaki waridi hata kwenye gramu 5, na mabonge ni machache, madogo. pH ya mwisho chupa zote zenye Epsom ni 9.5 hivi. Chokaa ni ile ya kupaka kuta, mfuko ulikuwa umefunguliwa tangu mwezi uliopita. Na je, jasi ya dari inafaa? Ya shambani tumeipata mbali.

Soda_na_Chokaa

Jibu umeliandika mwenyewe: 9.5. Magnesiamu huganda vizuri kuanzia pH 10 kwenda juu na hukamilika karibu na 11. Epsom uliyotia nyingi bado imo majini haijaganda. Chokaa yako imekufa. Mfuko ukikaa wazi, hasa kwa unyevu wa Dar, chokaa inavuta hewa ukaa na kugeuka chaki. Weka kijiko cha chai kwenye kikombe, mwagia siki. Ikichemka povu kama soda ya chupa, hiyo ni chaki. Chokaa nzima hutoa povu kidogo tu. Nunua mfuko mpya, uhifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko.

Halafu umekosea kuweka chokaa kiasi kimoja chupa zote. Kila gramu ya Epsom inakula gramu 0.3 za chokaa. Chupa ya gramu 5 inahitaji 1.5 peke yake kabla pH haijapanda popote. Kinachotakiwa kufanana ni pH, siyo chokaa. Tengeneza akiba mbili: Epsom gramu 100 ndani ya maji mpaka ijae lita moja, kila mililita 10 ni gramu moja, maziwa ya chokaa gramu 100 kwa lita vivyo hivyo, tikisa kila mara kabla ya kuchota. Bomba la sindano la mililita 10 la duka la dawa linatosha kupimia. Kila chupa ipandishe hadi 11, andika mililita ulizotumia.

Kuhusu jasi ya dari: hiyo imechomwa, ina maji pungufu, kwa hiyo gramu 1.4 kwa gramu ya soda zinatosha. Inafanya kazi, ila ina gundi na vicheleweshi vya kuganda, maji yatakuwa na povu. Nyunyiza ukikoroga mfululizo. Ukiiacha dakika kumi bila kukoroga utakuwa na jiwe chini ya pipa.

FundiVisima

Nimekubali kuhusu jasi, hesabu haina ubishi.

Jicho linadanganya wakati wa kulinganisha chupa, basi fanyeni hivi. Chukua maji machafu kabla ya kutibu, lakini yarudishe pH 7 kwanza. Tengeneza ngazi: nusu, robo, moja ya nane, mpaka moja ya 64, kwa kuongeza maji safi, kwenye chupa zile zile za plastiki angavu. Chupa iliyotibiwa nayo irudishe pH 7, simamisha mbele ya karatasi nyeupe, tafuta ngazi inayofanana nayo. Ikilingana na ya moja ya 32 umeondoa karibu asilimia 97. Msichuje kwa kitambaa cha pamba kabla ya kulinganisha, hasa maji ya ukili: pamba na karatasi ya chujio zenyewe zinanasa rangi ya beziki, utausifia udongo kwa kazi iliyofanywa na kitambaa. Tuamisha tu, uchote juu. Na chupa moja iwe bila dawa yoyote, ikae muda ule ule.

Mkemia_Ilala

Swali la tope halijajibiwa. Kwa hesabu ya pipa moja (chaki, jasi iliyobaki, magnesiamu, rangi) ni takriban kilo moja na nusu likikauka, ila likiwa majimaji linaweza kujaza robo ya pipa. Limimine kwenye kiroba cha nailoni kilichofumwa, ning'iniza juu ya pipa, matone yarudi ndani. Kaushia kwenye sakafu ya saruji yenye paa, na paa si hiari: mvua ya masika moja inairudisha rangi mtaroni, hasa pH ya tope ikishuka chini ya 9, kwa sababu magnesiamu inaanza kuyeyuka na kuachia ilichobeba. Ndiyo maana pia msitie asidi kwenye pipa lenye tope, tieni kwenye maji yaliyochotwa tu.

Tope la bentonaiti ya ukili linaweza kuchanganywa kwenye udongo wa matofali ya kuchoma, lisizidi sehemu moja kwa ishirini, moto unaunguza rangi. Hili la chaki msilipeleke huko: chaki ikichomwa inakuwa chokaa hai, tofali linavuta unyevu na kupasuka. Lihifadhini kavu kwenye viroba mpaka mpate watu wa taka ngumu wa kulichukua mkiwaeleza ni nini, au lichanganyeni kidogo kwenye saruji ya matofali ya uzio.

Bustanini hapana. Na kama mnatumia rangi ya samawati ya feruzi, tope lake litengwe peke yake, kwa maana molekuli yake imebeba shaba. Hiyo feruzi ndiyo pia huwa inashika vibaya kwenye kitambaa bila joto, kwa hiyo siku mnayoitumia anzeni na Epsom gramu 4 kwa lita badala ya 2.5.